Mrija wa Lionel

Lionel alifungua kinywa kabla hajaombwa, na jambo hilo ndilo lililoanza kumharibia Agathe siku.

Alikuwa amejiandaa kwa mlango kufungwa, kwa wakili kupigiwa simu Bukavu, kwa matusi ya kuanzia kwa bibi yake mzaa mama. Alimjua Lionel vizuri mno. Badala yake yule bwana aliisoma karatasi ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, mpaka mwisho, akavua miwani, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya baraza lake la Kamanyola, akaachama kama mtu aliye mbele ya mng'oa meno.

"Pima," akasema. "Pima mara mbili kama unataka."

Térence Havyarimana, OPJ, afisa wa upelelezi aliyetumwa na parke kushuhudia upimaji, akatoa kijiti cha pamba, akamsugua Lionel ndani ya mashavu, upande huu na upande huu, akakitia kijiti kwenye bahasha na kuandika saa: nne na dakika ishirini asubuhi. Térence alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kazi iishe kabla ya chakula cha mchana, na kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha. Agathe yeye alihisi ndiyo kwanza imeanza kunuka. Katika miaka kumi na minne ya kuvaa sare ya polisi na saba ya upelelezi wa kujitegemea, hakuwahi kumwona mwuaji anayewasaidia polisi kushika taa.

Karibu yake alisimama Uwacu Délice, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa maabara kutoka mtaa wa Rugenge, Uvira. Hakuwa amemsalimu mwenye nyumba. Alimtazama Lionel masikio, vidole na paji la uso, na kila alichokiona alikichukia, kwa sababu aliamini yote hayo anayo na yeye.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na chungu. Mama yake Délice aliitwa Amahoro, binti wa mfugaji wa milima iliyo juu ya Uvira. Baba yake alimteremsha uwandani akasome, akamweka Kamanyola nyumbani kwa rafiki yake, mzee Nizigiyimana. Urafiki wao ulikuwa wa kupeana ng'ombe, si wa maneno matupu. Baada ya miaka miwili Amahoro akapata mimba na akakataa kumtaja aliyempa. Alijifungua kwa siri nyumbani kwa mkunga mmoja, mama Nyirabahizi, na siku tatu baadaye wakulima wakaukuta mwili wake ndani ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Watu wakasema aibu imemzidi, kajitupa mwenyewe. Watu ni wepesi wa kumzika msichana na maneno.

Mkunga alinyamaza miaka ishirini. Kisha, alipojua kwamba kifo kimemfikia, alimwita sista mmoja wa Uvira, akasema, sista akaandika, yeye akatia dole gumba. Ilikuwa alfajiri ya mvua, alisema. Mwanaume aliyejifunika kichwa alibisha, akabaki nje. Amahoro akamwachia mkunga kichanga na kumnong'oneza sikioni kwamba huyo aliye nje ni baba wa mtoto, amekuja kumpeleka kwao milimani, na mvua ikikoma watarudi kumchukua mtoto. Hawakurudi. Mkunga aliogopa, akampeleka kichanga kwa masista.

Kwa hiyo aliyemzaa Délice na aliyemwua Amahoro walikuwa mtu mmoja. Karatasi ile ililala kabatini kwa masista mpaka Délice alipotimiza miaka ishirini na mmoja, na tangu hapo walioisoma walikuwa wachache: yeye, mjomba wake Ngoga, mfugaji na shemasi wa kanisa kule milimani, Agathe, na jaji mmoja wa parke. Uwandani kote hakuna aliyejua kwamba Nyirabahizi alisema neno kabla ya kufa.

Délice hakumtafuta baba ili amkumbatie. Siku alipopanda ngazi za ofisi ya Agathe kule Kilibula, Uvira, juu ya duka la mafundi cherehani, alisema wazi anachotaka. Alitaka jina. Jina akilipata, mjomba wake atajua la kufanya.

Agathe alikubali kazi. Kutafuta koo za watu waliotawanyika ndiko kulikomlisha tangu alipovuliwa sare. Walituma mate ya Délice Ubelgiji kwa mkono wa msafiri, na vipimo vya vinasaba, ADN, vikarudi na ndugu mmoja wa mbali, mwanamke aliyekuwa Kanada. Agathe alimpigia simu za WhatsApp wiki nzima, akapanda ukoo wake mpaka kwa babu na kuushuka tena upande wa pili, akatua Kamanyola, katika nyumba ileile ya marehemu Nizigiyimana. Wana walikuwa wawili tu. Mkubwa ni Hatungimana, katekista, mtu wa watu. Mdogo ni Lionel, mfanyabiashara wa mpunga.

Agathe aliposikia jina la Lionel alifurahi, na hakuificha furaha hiyo. Miaka saba nyuma alikuwa amemshitaki bwana huyu kwa kumpiga kibarua mpaka akamvunja taya. Lionel akaleta mashahidi wanne, walioapa kwamba Agathe alipokea mbuzi ili aizime kesi, na Agathe akafukuzwa kazi kwa sababu ya mbuzi ambaye mpaka leo hajapata kuona hata mkia wake. Tangu siku hiyo alikuwa akimngoja Lionel kwa subira ya paka.

Hatungimana ndiye aliyewasaidia. Aliwatajia ukoo vizazi saba bila kukwama, akawapa tarehe za ubatizo. Walipomwomba mate alikataa kwa upole, akisema mate ya mzee hayavuki bahari, huko yatashikwa na nani? Wazee wengi walisema hivyo hivyo, Agathe hakumlazimisha. Isitoshe, mwaka ule, alisema, alikuwa Bukavu kwenye mafunzo ya ukatekista. Ila alikubali kumwita mdogo wake nyumbani kwake, waketi pamoja, wanywe impeke, pombe ya mtama, na kuzungumza habari za ukoo. Siku hiyo Lionel alikaa mbele ya mtungi, mrija mkononi, kichwa ameinamisha. Alipoinuka kwenda kupokea simu, Agathe aliuchukua mrija, akaufunga kwenye kitambaa na kuutia ndani ya sakoshi yake ya begani.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Baba humgawia mtoto nusu ya damu yake, na baba mkubwa au mdogo hufika robo tu. Mate ya kwenye mrija yalikuwa nusu kamili. Lakini mrija wa kuiba hausimami mbele ya mahakama, ndipo parke ikamtuma Térence achukue mate mengine kwa njia ya sheria.

Ngoga hakuwa na haja na njia ya sheria. Alikuwa ameteremka kutoka milimani tangu jana, na asubuhi hii alikuwa sokoni Kamanyola na fimbo yake ya kuchungia, pamoja na wapwa zake wawili ambao hawakuja kununua kitu. Patano lake na Délice lilikuwa jepesi. Délice atamwona Lionel uso kwa uso, ataridhika, atampigia simu. Mipaka ya Rwanda na Burundi ilikuwa karibu, na Ngoga alijua vivuko vyote. Agathe alilijua patano hilo. Hakumwambia Térence.

Sasa mke wa Lionel alileta Fanta tatu na kopo la karanga. Térence alifungua yake kwa meno. Agathe, aliyetaka kumwona Lionel akitoka jasho hata kidogo, aliuliza tangu lini nyumba hii ikakosa bia ya kumpa mgeni.

"Tangu miaka sita," Lionel akasema. "Nilibatizwa mara ya pili, mu maji mengi. Pombe hainiingiake tena kinywani."

"Lakini kwa kaka yako nilikuona na murija."

"Mu mukono, ndiyo. Mukubwa wako akikupa murija mbele ya wageni, utamurudishia? Utamupa haya. Nilishika tu, nikainama, nikangoja mambo iishe. Muulize yeye mwenyewe, anajua. Ananichekaka kila siku juu ya ile."

Agathe aliiweka chupa chini. Alimtazama Lionel akitafuta uongo, na alitafuta kwa bidii kuliko alivyopata kutafuta ukweli kwa mtu yeyote. Hakuupata. Alimwona tu mzee mmoja mwenye kiburi, aliyekerwa kwa kupotezewa asubuhi yake.

Nje ya lango Délice alikuwa ameshatoa simu.

"Nimupigie muyomba?"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ni weye ulinionyesha ile nusu. Ulisema hakuna muntu anabishana na nusu."

"Nusu ni ya kweli," Agathe akasema. "Sijui tena ni ya nani. Nipe saa moja."

Délice alimtazama kwa macho makali ya mtu aliyenyimwa maji baada ya safari ndefu. Aliirudisha simu mfukoni, lakini mkono haukutoka humo.

Walikwenda kwa Hatungimana kwa miguu, Térence nyuma akilalamikia jua. Agathe alipanga mambo kichwani kama alivyozoea. Mate yalikuwa kwenye mrija. Lionel hakuugusa kwa ulimi. Basi mate yalikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine ndiye baba. Siku ile uani walikuwa watu wangapi? Yeye, Lionel, Hatungimana, jirani mmoja aliyepita kusalimu. Alijaribu kumkumbuka jirani. Alijitahidi sana kumkumbuka jirani.

Njia nzima kulikuwa na wazo jingine lililotembea naye, na hakuna faida ya kulificha. Angeweza kunyamaza. Délice angepiga simu, Ngoga angefanya alichojia, na kibarua mwenye taya iliyopinda angelala usingizi mzuri. Nani angeuliza habari za mrija? Alimchukia Lionel zaidi kwa kuwa hana hatia ya jambo hili, kana kwamba na hilo kamwibia.

Hatungimana alikuwa nyumbani, amerudi kutoka misa ya asubuhi, shati limepigwa pasi. Aliwapokea kwa mikono miwili. Alimwuliza Térence habari za watoto kwa majina yao, akamwambia Délice amekonda, akasema mgeni haulizwi jambo kinywa kikiwa kikavu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ilikuwa safi kwa namna ya nyumba zisizo na watoto. Alitoa mtungi wa impeke, akauweka mbele ya Agathe, akachomoa mrija mpya kwenye fungu lililoning'inia ukutani. Akauzamisha. Akanyonya mafunda mawili, akameza, akatikisa kichwa kuisifu pombe yake, kisha akamkabidhi Agathe mrija uleule.

Agathe aliunyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama mama yake alivyomfundisha, na mkono ukabaki hewani.

Alikuwa ameliona jambo hili mara elfu. Alilifanya yeye mwenyewe kila alipopokea wageni Kilibula. Mwenyeji huonja kwanza, kwa mrija wa mgeni, mgeni aone kwamba pombe haina sumu. Hakuna mtu wa uwanda huu anayelitazama, kama vile hakuna anayeitazama pua yake. Mzungu wa maabara, angekuwapo siku ile, angeuliza mara moja kwa nini yule mzee anatia mrija wa mwenziwe kinywani. Agathe, mwenyeji wa hapa, aliyejiona mjanja wa wajanja, hakuona kitu. Macho yake yote yalikuwa kwa Lionel.

Aliupokea mrija, hakuutia kinywani. Aliomba bahasha. Térence alimpa bila kuelewa.

"Mzee," Agathe akasema, "siku ile tulikaa hapa na Lionel. Ule murija wake, nani alionja?"

"Ni kwangu hapa. Nani mwingine angeonja?"

"Na Lionel hakukunywa."

"Lionel ni mulokole." Hatungimana alitabasamu, kisha akaona bahasha, na tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Uliniona nikiuweka mu sakoshi?"

Mzee alikaa chini, taratibu, akajipangusa magoti.

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza. Ulijua iko na mate yako, na ukaacha ndugu yako abebe."

"Uliniuliza?" Hatungimana akasema bila hasira. "Weye ulikuya na jina ya Lionel tayari. Ilikuwa mu macho yako tangu siku ya kwanza. Minye ni nani nimukatalie mugeni kitu anataka?"

Maneno yale yalimwingia Agathe penye nyama, maana yalikuwa kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye ndiye aliyekifulia nguo. Alimweleza mzee mambo yalivyo. Karatasi ya parke ilitaja wana wote wawili wa Nizigiyimana. Atatoa mate leo, kwa hiari au kwa nguvu, na baada ya wiki sita mate yatasema. Lakini kuna mtu yuko sokoni na fimbo, naye hana wiki sita.

Hatungimana alimgeukia Délice, akamtazama kama ambavyo hakuwa amethubutu kumtazama miezi yote ile, na macho yake yakalowa. Agathe angependa kusema yalikuwa machozi ya uongo. Hayakuwa.

"Mutoto," mzee akasema. "Minye njo baba yako."

Délice aliuweka mkoba wake magotini.

"Muke wangu alikufa bila kuniachia hata mumoja. Kila Krismasi ninakaa hapa peke yangu kama mwizi. Mungu amekuleta, minye siwezi kumukatalia. Nitaita wazee, nitachinja mbuzi, nitakuandikia shamba ya mupunga, hata nyumba hii. Lakini usikie muzuri. Mama yako nilimupenda, na alipokufa sikukuwa hapa. Nilikuwa Bukavu. Sikujua hata alizalia wapi. Kwa Nyirabahizi ile siku sikufika, wala sikumuona tena mama yako tangu mimba ilianza kuonekana. Aibu ndiyo alijiua nayo, na minye niliogopa kusema. Dhambi yangu ni ile ya kuogopa."

Agathe alifumbua mdomo. Goti la Délice likamgusa chini ya meza, mara moja, kwa nguvu, naye akaufumba.

Hakuna mtu aliyemwambia mzee habari za Nyirabahizi. Agathe alikuwa amelichunga jina hilo miezi minne, halikutoka hata kwa bahati mbaya. Mtu asiyejua msichana alizalia wapi alikuwa amemtaja mkunga kwa jina. Délice alilisikia pia, na ndipo Agathe alipoanza kumwogopa binti huyu kidogo.

Délice aliteremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti, akagonganisha viganja polepole kama anavyosalimiwa baba mzazi.

"Baba," akasema. "Nimekuwa miaka ishirini na tatu bila kuandikwa kwa jina ya muntu. Ninaomba iandikwe leo. Yote umesema, vile umesema. Papa Térence iko na karatasi."

Mzee akalia kabisa sasa. Alisema iandikwe, iandikwe hata mara kumi.

Térence akaandika PV, hati ya maelezo ya polisi. Aliuliza kwa sauti ya uchovu, na mzee alijibu kwa moyo wote. Ndiyo, ni binti yake wa damu. Hapana, Amahoro hakuwa na mwanaume mwingine, angeweza kuapa mbele ya altare, msichana alikuwa wake peke yake. Délice, akiwa bado chini, aliomba kwa adabu hilo liandikwe vizuri, watu wasije wakamsema mama yake vibaya. Hapana, nyumbani kwa Nyirabahizi hakufika. Hapana, hakumwona Amahoro baada ya kujifungua. Térence alisoma yote kwa sauti. Hatungimana alitia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko wake mzuri wa kuandikia vyeti vya ubatizo, akatoa mate shavuni bila ubishi, kisha akamwinua binti yake kwa mkono na kumwuliza atapenda shamba la juu au la chini.

Délice alitoa karatasi yake kutoka kwenye mkoba. Ilikuwa nakala, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Aliisoma amesimama, bila kupandisha sauti, maneno ya mkunga kama sista alivyoyaandika: alfajiri, mvua, mwanaume mlangoni, mnong'ono wa sikioni. Alipofika mahali Amahoro anaposema kwamba huyo nje ndiye baba wa mtoto, alisimama na kulisoma mara ya pili. Kisha akataja tarehe na dole gumba.

"Nyirabahizi alikufa," Hatungimana akasema.

"Alisema kwanza, njo akakufa."

Mzee aliitazama PV iliyokuwa mbele ya Térence, wino wake haujakauka, jina lake chini ya kila ukurasa. Alikuwa mtu wa vitabu na alielewa haraka. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ametia sahihi kwamba baba ni yeye na hakuna mwingine.

"Aliteleza," akasema. "Mvua ilikuwa mingi. Alikuwa anapiga kelele, anasema atanitangaza kanisani siku ya kuwekwa kwangu kuwa katekista. Nilimushika mukono tu. Aliteleza."

Térence alichukua kalamu tena. Aliandika saa: saa saba kasoro dakika kumi. Hakuna aliyezungumzia chakula.

"Mutoto hamushitaki baba yake," Hatungimana akamwambia Délice. Alisema kama anayefundisha katekisimu. "Damu haifanyake vile."

"Nilikuwa mutoto wa siku moja," Délice akasema. "Nilikuwa ninamungoja arudi na mvua iishe. Mufunge pingu, Papa Térence."

Térence alimfunga. Alisema watapita nyuma, kwa njia ya mashamba, wakatafute gari la kwenda Uvira upande wa pili, kwa kuwa sokoni kuna watu na hataki fujo. Mzee akaitikia haraka kwamba njia ya mashamba ndiyo fupi.

"Tutapita sokoni," Délice akasema. "Kwa miguu."

Térence alimtazama Agathe, kama zamani alipokuwa chini yake kazini. Agathe alijua la kumwambia mtu wa sheria. Alijua pia kwamba leo asubuhi yeye mwenyewe alikuwa tayari kumuuza mtu asiye na hatia kwa ajili ya mbuzi, na kwamba hana tena kinywa cha kumhubiria mtoto huyu. Alisema kwa mkato kwamba barabara ya serikali inapita sokoni.

Délice alipiga simu wakitembea. Hakusema jina. Alimwambia mjomba aweke fimbo chini, awaambie vijana wakae, asitoke hapo alipo hata kwa hatua moja. "Kuna muntu ninakuletea," akasema, na akakata.

Walipoingia, soko lilikuwa limejaa. Wauza samaki walinyamaza kwanza, kisha wauza vitenge, kisha wote. Wengi walikuwa wamebatizwa au kuolewa wakisimamiwa na mtu yule, na walisogea kumpisha kwa heshima ya mazoea kabla hawajaiona pingu. Hatungimana aliinamisha kichwa. Délice alimshika kidevu, akakiinua, akakiachia.

Ngoga alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha maziwa, mrefu, koti lake la ushemasi limefungwa vifungo vyote, fimbo iko chini kama alivyoombwa. Alipomtambua anayeletwa alitazama nyuma yake, akimtafuta Lionel.

"Muyomba," Délice akasema, ili soko zima lisikie, "huyu njo baba yangu."

Ngoga hakuelewa, kisha akaelewa. Vijana wake wawili walisimama, naye akawarudisha chini kwa kiganja bila kuwatazama. Alimkaribia mzee mpaka wakawa wanavutiana pumzi. Walikuwa wamejuana tangu wakiwa wavulana. Baba zao walipeana ng'ombe.

"Siku ya kumuzika," Ngoga akasema, "ulilia kunishinda. Watu walikuondoa ku kaburi, wakaniacha minye. Nilikuya kukufariji weye."

Hatungimana aliinamisha kichwa tena. Ngoga alingoja jibu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kwa ajili ya hilo tu na hana safari nyingine, na Térence, aliyekuwa na pingu mkononi, akaona aibu kumharakisha.